Chupa Tatu, Jani Moja: Homoni Zinavyoliotesha Ua la Usambara Maabarani

Kwenye rafu ya maabara kuna chupa tatu za kioo, kama zile za jamu, zimefunikwa na kupangwa chini ya taa nyeupe. Ndani ya kila chupa kuna kipande cha jani cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Vipande vyote vitatu vilikatwa asubuhi moja, kwenye jani moja, la mche mmoja. Vimekaa juu ya jeli yenye chakula kilekile, kwenye joto la nyuzi 25, na taa huwaka saa 16 kila siku. Sasa ni wiki ya nane. Kipande cha kwanza kimejaa vichipukizi vya kijani, vimesongamana hata jani lenyewe halionekani tena. Cha pili hakina chipukizi hata kimoja. Kimetoa mizizi myeupe yenye vinyweleo, imezama kwenye jeli. Cha tatu kimevimba kikawa donge la manjano hafifu lisilo na mbele wala nyuma.

Kilichozitofautisha chupa hizo hukioni kwa macho. Ni homoni mbili zilizotiwa kwenye chakula kabla hakijaganda, na vipimo vyake ni miligramu moja au mbili kwa lita, mara nyingi chini ya hapo. Ukitaka kuuona udogo huo, chota sukari kijiko kimoja cha chai, kama gramu 4 hivi. Homoni ya uzito huo, ikitumika miligramu moja kwa kila lita, inatosha lita 4,000 za chakula.

Wageni wanaoingia maabara kwa mara ya kwanza huuliza, "Hapa mnaweka dawa gani?" Ni swali zuri, ila neno dawa linampeleka mtu njia isiyo yake. Wengine hudhani ni mbolea kali. Chakula cha mmea kimo tayari ndani ya ile jeli, na kipande cha jani hakiumwi. Homoni ni habari. Huifikia seli na kuiambia iko upande gani wa mwili wa mmea na kitu gani kinakosekana. Jambo hilo likieleweka, chupa tatu zile hazishangazi tena, na mtu anaweza hata kubashiri chupa ya nne itatoa nini.

Jani lenyewe ni la dughulushi, ua ambalo wengi wetu tumeliona dirishani kwa watu bila kujua asili yake ni milima yetu. Huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli na unyevu Usambara na karibu na Tanga, na ndugu zake wako ng'ambo ya mpaka pia. Mmoja anapatikana Taita, kwenye msitu wa mlima Mbololo. Mwaka 1892 ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake ua hili Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalitangaza kwa jina la kitaalamu Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza kwenye jenasi kubwa zaidi, Streptocarpus. Wajerumani wao huliita Usambaraveilchen, na kila wanapolinunua dukani wanautaja mlima wetu. Leo ni miongoni mwa maua ya ndani yanayouzwa sana duniani, na mengi yake yamezaliwa kwenye chupa.

Nimelichagua kwa sababu ni jepesi kufundishia. Chomeka kikonyo cha jani lake kwenye mchanga wenye unyevu, ulifunike na nailoni, na baada ya miezi miwili mitatu vijani vidogo vitachungulia kando yake. Jani halina mbegu wala kitumba cha kuchipua. Seli za kikonyo, zilizokuwa na kazi ya kushikilia jani tu, zimeacha kazi yake na kujenga mmea mzima upya. Maabara haikubuni uwezo huo. Ilijifunza kuuamuru.

Seli inajua yote, lakini inasubiri kuambiwa

Karibu kila seli hai ya mmea ina maelekezo yote ya kujenga mmea mzima: mzizi, shina, jani, ua. Seli ya jani haikuyapoteza ilipokuwa jani. Imeyafunga tu, kama mtu anayejua ushonaji, useremala na upishi lakini ameajiriwa dereva. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, alijaribu kulithibitisha hilo. Alitenga seli za majani akaziweka kwenye maji yenye sukari na chumvi za lishe. Ziliishi kwa wiki kadhaa, nyingine zikakua kwa ukubwa, lakini hakuna hata moja iliyogawanyika. Wazo lake lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni habari ya kuziamsha, na wakati huo hakuna aliyekuwa amezitambua homoni za mimea.

Ya kwanza kujulikana ilikuwa auksini. Charles Darwin na mwanawe Francis walikwisha kuandika mwaka 1880 kwamba ncha ya mche wa nyasi ndiyo inayouhisi mwanga, ilhali sehemu inayopinda iko chini ya ncha, kwa hiyo lazima kuna kitu kinachosafiri kutoka juu kwenda chini. Miaka ya 1920, mjini Utrecht, Frits Went alikikamata kitu hicho: alizikata ncha za miche ya shayiri pori (oti), akazikalisha juu ya vipande vya jeli, kisha akaviweka vipande vile vitupu juu ya mashina yaliyokatwa vichwa. Mashina yakaendelea kukua. Kilichotoka kwenye ncha kilikuwa kimeingia kwenye jeli.

Auksini hutengenezwa zaidi kwenye ncha za machipukizi na majani machanga, nayo hushuka. Saitokinini, ambayo historia yake nitaifikia, hutengenezwa kwa wingi kwenye ncha za mizizi, nayo hupanda pamoja na maji. Ichukulie sasa seli iliyo katikati ya shina. Inapokea habari kutoka pande zote mbili. Auksini ikiwa nyingi kuliko saitokinini, maana yake juu machipukizi ni tele lakini chini mizizi haitoshi. Seli inapaswa kutoa mizizi. Saitokinini ikiwa nyingi kuliko auksini, mizizi ipo ya kutosha na kinachotakiwa ni machipukizi. Zote mbili zikiwepo kwa wingi unaokaribiana, seli hugawanyika na kugawanyika bila kupata mwelekeo, na matokeo yake ni lile donge la chupa ya tatu. Wataalamu huliita kalasi.

Kwa hiyo hakuna homoni ya mizizi na homoni ya majani, ingawa hivyo ndivyo inavyosemwa madukani. Kinachoamua ni uwiano. Auksini ileile iliyoleta mizizi kwenye chupa ya pili imo pia kwenye chupa ya kwanza iliyotoa machipukizi, ila huko imezidiwa.

Mchumaji wa chai anaijua kanuni hii kwa mikono yake. Akichuma majani mawili na kitumba, ameondoa kiwanda cha auksini kilichokuwa kikivizuia vitumba vya pembeni visiamke. Vitumba vile huamka, na kichaka hutanuka badala ya kurefuka. Anayepanda muhogo naye anaijua. Pingili iliyokatwa huendelea kushusha auksini, lakini haina tena pa kuipeleka. Inarundikana kwenye mkato wa chini, na mizizi hutokea hapo. Hata ukiilaza pingili ardhini, mizizi huelemea upande ule uliokuwa chini ilipokuwa mtini. Tishu ina kumbukumbu ya juu na chini, na kumbukumbu hiyo ni mtiririko wa auksini.

Kutoka dafu hadi mbegu za samaki

Namna saitokinini ilivyopatikana inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu inapitia mnazi.

Mwaka 1941 Johannes van Overbeek na wenzake walikuwa wakijaribu kukuza viini vichanga sana vya mnanaha nje ya mbegu, na vilikuwa vinakufa. Walipotia maji ya nazi kwenye chakula, viini vikakua. Ukifikiri, inaingia akilini: maji ya dafu yameumbwa kukilea kiini cha mnazi, basi yanacho kila ambacho kiini kichanga kinahitaji. Watafiti wengine wakaanza kuyatumia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Frederick Steward alionyesha, akitumia maji hayohayo ya nazi, kwamba seli za mzizi wa karoti zinaweza kurudi na kuwa mche mzima wa karoti. Lakini kusema "tia maji ya nazi" ni kama kusema "tia mchuzi". Ndani yake kuna vitu vingi, na hakuna aliyejua ni kipi hasa kinachofanya kazi.

Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Folke Skoog alikuwa na tatizo la namna hiyo kwenye tumbaku. Akikata kiini laini cha shina na kukipa auksini, seli zilitanuka lakini hazikugawanyika. Alihitaji kitu cha pili. Carlos Miller, aliyekuwa akifanya kazi naye, alijaribu vitu vingi, na siku moja akajaribu DNA iliyotolewa kwenye mbegu za kiume za samaki aina ya heringi, kutoka chupa ya zamani iliyokuwa imekaa rafuni. Seli zikagawanyika kwa kasi. Chupa ilipoisha wakaagiza mpya, na ile mpya haikufanya chochote. Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Wao waligundua kwamba DNA mpya ikipikwa kwenye mvuke wa presha nayo inaanza kufanya kazi, maana yake kitu walichokuwa wakikitafuta kinatokana na DNA iliyovunjika, iwe kwa uzee au kwa moto. Wakakisafisha, wakakitambua, na mwaka 1955 wakakitangaza kwa jina kinetini. Mwaka 1957 Skoog na Miller wakachapisha jaribio la tumbaku ambalo ndilo chanzo cha chupa zetu tatu: uwiano huu, mizizi, uwiano ule, machipukizi, kati yake, donge.

Saitokinini kuu ya mmea wenyewe si kinetini ile ya heringi, bali ni nduguye. Miaka ya 1960 ndugu huyo alipatikana kwenye punje changa za mahindi, akaitwa zeatini kutokana na jina la kitaalamu la mhindi, Zea. Na zeatini imo ndani ya maji ya nazi. Nakiri kwamba tangu nilipoisoma habari hiyo, sijawahi kumtazama muuza madafu kama zamani.

Maabara nyingi leo hazitumii homoni za asili, na sababu ni ya kawaida tu. Auksini ya asili huharibika kwenye mwanga, na kwenye chupa inayokaa wiki nane chini ya taa nguvu zake hupungua. Zeatini ni ghali. Hivyo upande wa auksini hutumika zaidi NAA au IBA za kiwandani, na upande wa saitokinini hutumika BAP, ambayo ni rahisi, imara na haidhuriki sana kwa moto wa kupikia. Kwa dughulushi, mahali pazuri pa kuanzia ni miligramu 1 ya BAP na miligramu 0.1 ya NAA kwa lita moja: kumi kwa moja, upande wa machipukizi. Ni pa kuanzia tu. Aina mbili za dughulushi kutoka duka moja zinaweza kutofautiana, kwa sababu kila moja ina homoni zake ndani ya jani, na unachokitia wewe kinajumlishwa na kilichokuwemo.

Ipo pia auksini iitwayo 2,4-D, ambayo mkulima wa mahindi au ngano anaijua kwa jina hilohilo kama kiuagugu. Watu husita wakisikia kwamba tunaitia kwenye chakula cha maua. Ni kitu kilekile kabisa. Kwa kipimo kikubwa inaua gugu lenye majani mapana kwa sababu mmea hauwezi kuivunja haraka, na habari ya "kua, kua, kua" isiyokoma huuvuruga mpaka ukafa. Kwa kipimo cha maabara, habari hiyohiyo huifanya tishu isahau kazi yake na kuwa kalasi. Hakuna mfano bora wa maana ya kipimo.

Kuhusu homoni nyingine nitasema kwa ufupi. Jiberelini hurefusha vichipukizi vilivyodumaa. Ethilini haitiwi na mtu. Inatoka kwenye mmea wenyewe, ni gesi, na ndiyo ileile inayoivisha ndizi zilizovundikwa. Chupa iliyofungwa kabisa ni mvundiko. Gesi ikijaa, majani hugeuka njano na kupukutika kabla ya wakati, ndiyo maana vifuniko vizuri vya maabara huacha hewa ipenye kidogo bila kuruhusu vimelea.

Asubuhi ya kukata

Chakula chenyewe kinafuata kanuni ya Toshio Murashige na huyohuyo Skoog, waliyoichapisha mwaka 1962 wakitumia tumbaku tena. Ni chumvi za naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalisi, magnesi, chuma na madini mengine machache, pamoja na vitamini. Nyongeza yake kubwa ni sukari, gramu 30 kwa lita. Kipande cha jani ndani ya chupa hakijilishi kwa mwanga kama mmea wa bustanini. Kinanyonya sukari kama mtoto anavyonyonya uji. Asidi hurekebishwa hadi pH 5.8, kisha hutiwa agari, unga unaotokana na mwani, gramu 7 au 8 kwa lita. (Mwani unaolimwa kwa wingi Zanzibar na Pemba ni wa jamii nyingine na hutoa karaginani, ambayo pia hugandisha lakini si agari.) Chakula hupikwa kwenye jiko la presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 hadi 20, kisha huachwa kipoe na kuganda.

Sukari hiyo ndiyo chanzo cha shida zote, kwani kila ukungu na bakteria anaitaka. Kiini kimoja cha ukungu kikitua ndani ya chupa, baada ya siku nne kuna pamba ya kijivu na jani limekufa. Kwa hiyo nusu ya kazi haihusu homoni hata kidogo, inahusu usafi, na ni kwenye usafi wanaoanza huumia zaidi. Katika maabara niliyojifunzia, mara yangu ya kwanza niliandaa chupa 40. Siku ya sita 31 zilikuwa na utando mweupe kama maziwa kuzunguka mguu wa jani: bakteria. Nilikuwa nimeosha majani kwa jiki kama nilivyoelekezwa, dakika zilezile. Fundi mzee wa maabara alichukua jani bichi akalizamisha kwenye glasi ya maji mbele yangu. Lilimetameta kama fedha. Jani la dughulushi lina vinyweleo vingi, na kati ya vinyweleo hunasa hewa; ile fedha ilikuwa hewa, na chini ya hewa jiki haifiki. Akadondosha tone moja la sabuni ya maji, akatikisa, na fedha ikatoweka. Jani likawa kijani kibichi, limelowa kila mahali. "Sasa ndiyo uanze kuhesabu dakika," akaniambia.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu. Jani changa lililokwisha kutanuka, kutoka mche ambao haukumwagiwa maji majanini kwa wiki nzima, huoshwa kwa maji ya bomba yanayotiririka. Hupitishwa kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa nusu dakika, si zaidi, maana spiriti huunguza. Huzamishwa kwenye jiki iliyopunguzwa kwa maji, pamoja na tone la sabuni, kwa dakika 10. Kuanzia hapo kila kitu hufanyika mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa: husuuzwa mara tatu kwa maji yaliyopikwa kwenye presha, hulazwa kwenye sahani safi, na kukatwa kwa kisu cha upasuaji kilichopitishwa motoni na kupozwa. Kingo zilizoguswa na jiki hugeuka nyeupe. Hizo hukatwa na kutupwa. Vipande hukalishwa juu ya jeli, vikibanwa kidogo kwa koleo ili jeraha liguse chakula, kwani ni kwenye jeraha homoni huingia kwa wepesi.

Siku kumi za kwanza hakuna cha kuona. Kisha kipande hujikunja kingo na kuwa kinene. Kama wiki ya nne, ukikiinua kwenye mwanga, utaona chembe za kijani zenye kung'aa, ndogo kuliko mbegu za ufuta. Katika dughulushi, nyingi kati ya chembe hizo hutoka moja kwa moja kwenye ngozi ya jani, bila kupitia donge la kalasi, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu nitakazozitaja punde.

Kosa langu la pili lilikuwa la homoni kweli. Nilisogeza nukta ya desimali nikatia miligramu 10 za BAP badala ya moja. Nilitarajia machipukizi mara kumi. Nilipata vifundo vingi ajabu, mamia, ila hakuna kilichorefuka. Vilikaa pale vinene, vya kijani cha kioo, vikionekana vimejaa maji. Habari ya "chipua" ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba kila chipukizi liliambiwa lichipue tena kabla halijakua. Nilivihamishia kwenye chakula kisicho na homoni kabisa. Wiki sita zilipita kabla baadhi hayajanyooka, maana homoni iliyokwisha kuingia kwenye tishu haitoki siku unapobadilisha chupa. Vingine havikupona.

Vichipukizi vilivyo sawa hutenganishwa na kuhamishiwa chakula kipya kila baada ya wiki nne hadi sita. Ikiwa kila kimoja kinazaa vitano, kimoja cha mwanzo kinakuwa 15,625 baada ya mizunguko sita. Hiyo ni hesabu ya karatasi, chupa nyingine huoza na vingine hudumaa, lakini inaonyesha kwa nini wauzaji wakubwa wa okidi, jabera na anturio walihamia chupani. Baada ya hapo uwiano hugeuzwa: saitokinini huondolewa, auksini kidogo hubaki au nayo huondolewa, na mizizi hutoka. Dughulushi hutoa mizizi kwa urahisi hata bila kusaidiwa.

Je, ni maua yaliyobadilishwa vinasaba?

Hapana, na swali hili linastahili jibu lenye sababu. Homoni haiongezi wala haiondoi kitu kwenye vinasaba; inaamua ni kurasa zipi zifunguliwe. Mche wa chupani ni mmea uleule wa mama, kama pingili ya muhogo ilivyo muhogo uleule. Watu wanaobadilisha vinasaba hutumia chupa hizihizi baadaye, kuikuza seli waliyoibadilisha, na hapo ndipo mambo mawili huchanganywa.

Hata hivyo si kweli kwamba miche yote hutoka sawa kila mara. Tishu iliyokaa muda mrefu kama kalasi, ikigawanyika haraka chini ya homoni nyingi, hukusanya makosa ya kunakili. Katika miche mia, unaweza kukuta mitatu ina rangi au jani tofauti. Ndiyo sababu nilifurahia vichipukizi vinavyotoka moja kwa moja kwenye ngozi ya jani, na ndiyo sababu maabara makini huacha kuzidisha baada ya mizunguko kadhaa na kurudi kwa mama.

Lipo pia fumbo la dughulushi zenye mistari kama gurudumu, petali za rangi mbili zilizopangika kuanzia katikati. Mimea hii ina tabaka za seli zenye vinasaba tofauti, tabaka la nje moja na la ndani jingine, zikikua pamoja. Ukiikuza kutoka kipande cha jani, chipukizi huzaliwa kutoka tabaka moja tu, na ua linalochanua ni la rangi moja. Mteja ataona ametapeliwa, kumbe homoni zimefanya kazi yake sawasawa. Mimea hiyo inatakiwa ikuzwe kwa kuamsha kitumba kilichokwisha kuwepo, kwa mfano vile vilivyo kwenye bua la ua, kwa sababu kitumba kimebeba tabaka zote kwa mpangilio wake.

Nataja hili kwa uchungu fulani, maana linagusa msitu. Dughulushi za porini zinaishi sehemu ndogondogo, nyingine mwamba mmoja na bonde lake, na kivuli cha miti kikiondoka nazo hukauka. Jani moja linaweza kuleta miche mia bila kung'oa mmea mama, na huo ni msaada wa kweli kwa bustani inayotaka kuhifadhi. Lakini miche mia hiyo ni mmea mmoja. Ukitaka kuihifadhi dughulushi ya bonde fulani, lazima uchukue jani kwa mimea mingi tofauti, uweke kila ukoo kwenye chupa zake na lebo zake, na msitu uubakize mahali pake.

Kinachobaki ni kuitoa miche chupani, na hapa ndipo wengi huipoteza miche waliyoilea kwa miezi minne. Mche wa chupani umeishi kwenye hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 100. Ngozi yake ina nta kidogo, na vitundu vya jani havijajifunza kufunga. Ukiutoa saa nne asubuhi ukauweka kwenye upepo, saa sita umelala. Mizizi huoshwa mpaka jeli yote itoke, kwani sukari iliyobaki huita ukungu. Hupandwa kwenye udongo mwepesi uliochemshwa, sahani nzima hufunikwa na nailoni, na kuwekwa kivulini. Siku tano za kwanza nailoni haiguswi. Siku ya sita hutobolewa vitundu viwili, kisha vinne, kisha huinuliwa upande mmoja jioni, na inapofika wiki ya tatu au ya nne huondolewa. Majani yaliyoletwa kutoka chupani huenda yasipone yote. Mengine hugeuka kahawia pembeni na kujifia, wala hilo lisikutishe. Jicho liweke katikati ya mche, pale kwenye moyo wake. Jani jipya likifunguka hapo, dogo na gumu, limezaliwa kwenye hewa ya nje, na mche huo sasa unaweza kupewa chungu chake.